Mandhari hii au mandhari haya?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Naandika maelezo mafupi ya picha ya mchoraji Mfaransa Jean-François Millet iitwayo Le Printemps, yaani majira ya kuchipua. Nimeandika: "Mandhari haya mazuri ya mashambani yalichorwa kwa rangi ya mafuta." Mwenzangu kanikosoa mara mbili: eti ni "mandhari hii", na eti rangi ya mafuta ni ya kupaka mageti. Nani kapatia?

JIBU: Marahaba. Kwenye mandhari kapatia yeye. Neno limetoka katika Kiarabu, na ile ma- ya mwanzo imo ndani ya neno lenyewe. Si ma- ya wingi kama kwenye mashamba au mawingu. Hakuna "ndhari" moja. Liweke pamoja na maktaba na mahakama. Sijasikia mtu akisema "maktaba haya". Kinachotuponza ni "ya" na "yote": mandhari ya kijijini, mashamba ya kijijini, mandhari yote, mashamba yote. Kosa hujificha hapo mpaka ije sifa au kitenzi.

Zikiwa nyingi ni mandhari hizi. Millet mwenyewe katupa mfano: mwaka 1868 Frédéric Hartmann alimwagiza picha za majira yote ya mwaka. Hizo ni mandhari nne, si "manne". (Ile ya majira ya baridi hakuwahi kuimaliza.)

Sasa hiyo yako, iliyoko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Kijia kinakatiza bustani, miti ya matunda imechanua, wingu zito limetanda na upinde wa mvua umechomoza. Huko nyuma, kadogo sana, kuna mtu chini ya mti. Miti imechanua, mawingu yametanda, lakini mandhari imependeza.

Kuhusu rangi, mwenzako kakuonea. Ni kweli ukienda duka la vifaa vya ujenzi utauziwa rangi ya maji ya ukutani na rangi ya mafuta ya milango na mageti. Lakini ya wachoraji nayo ni rangi iliyosagwa ikachanganywa na mafuta, aghalabu ya kitani, kwa hiyo jina ni lake kihalali. Ukiogopa kuchekwa, tumia wingi na utaje kitambaa. Mimi ningeandika: "Mandhari hii nzuri ya mashambani ilichorwa kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa, ikakamilika mwaka 1873."