Barua kwa mwanangu: kudai kwetu na "demand" ya Mwingereza

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza kwa nini yule mgeni wenu wa Leeds amekasirika, na huku ni yeye aliyebakiza dola 340 za safari ya kuona gorila Bwindi. Ulimwandikia "We are demanding you 340 dollars". Bosi akakuita, akakwambia ungetumia "ask" au "request". Ukafungua kamusi, ukakuta maneno yote matatu yanazungukia palepale: kuomba, kutaka, kudai. Sasa unataka kujua tofauti iko wapi.

Kosa hilo si lako peke yako. Hapa Uganda mwenye duka yeyote atakwambia "I am demanding him", naye ana maana moja tu: namdai, pesa yangu iko kwake. Kichwani ni kudai, au okubanja kwa Mganda, ila mdomoni kinatoka Kiingereza. Na kudai kwetu kunaweza kukaa kimya. Naweza kumdai jirani mwaka mzima, tukinywa naye chai kila jioni, na deni nisilitaje. "Demand" ya Mwingereza haikai kimya hata kidogo. Ni mtu amesimama mlangoni kwako na haondoki. Kule kwao bili ya mwisho kabisa, ile inayotangulia kupelekwa mahakamani, huitwa "final demand". Mgeni wako alipata barua ya kwanza akaisoma kama ya mwisho.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe limetoka Ufaransa, na Mfaransa akisema "demander" anauliza au anaomba tu, bila ugomvi. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na maneno yake yakamiminika kwenye Kiingereza kwa karne kadhaa. "Ask" lilikuwepo tangu zamani, la watu wa kawaida. "Request" na "demand" yalikuja na hao wakubwa. La kwanza likabaki na adabu zake za ofisini, la pili likaota meno.

Sisi nasi tunayo hayo. Kufa ni neno letu la Kibantu, kufariki tumelipata kwa Waarabu. Mbwa wa jirani amekufa; babu yako alifariki. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha, lakini mtu akisema mbwa amefariki utacheka kabla hajamaliza. Kamusi itakupa maana, ila haitakwambia nani humwambia nani neno hilo, na kwa uso gani.

Mimi nililipia somo hilo kwa jasho. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ukalimani mahakamani. Mama mmoja muuza samaki alisimama kutoa ushahidi, akasema, "Aliniibia redio nikiwa nimelala." Nami, kwa sauti ya kujiamini, nikatafsiri: "He robbed me of my radio." Wakili wa mshtakiwa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Hakimu akavua miwani, akaniuliza polepole, "Mkalimani, shahidi amesema nini hasa?" "Steal" ni kuiba. "Rob" ni kunyang'anya, kwa nguvu au kwa vitisho, na kwa sheria ya Uganda unyang'anyi wa kutumia silaha ya kuua huenda Mahakama Kuu, na adhabu yake ya juu ni kifo. Yule kijana kizimbani alikuwa ananitazama mimi, si hakimu. Macho yale sijayasahau.

Tangu siku hiyo naangalia neno linashikana na nini. Kinachofuata "steal" ni kitu: "he stole the radio". Kinachofuata "rob" ni mtu: "he robbed the woman". Hata "demand" yako ilikuwa imeshika pasipo pake, maana Mwingereza "demands" pesa kutoka kwa mtu. Hawezi "to demand you".

Kati ya "begin" na "start" usikose usingizi. Mara nyingi hubadilishana, isipokuwa injini ya gari, ambayo ni "start" tu. Ila "big" na "large" uwe nayo macho. Nikiwa kijana nilimtambulisha shangazi yako kwa padri wa Kizungu: "This is my large sister." Nilitaka kusema dada yangu mkubwa. "Big sister" ni umri. "Large" ni kiwiliwili, na shangazi yako unamjua, mwili haujawahi kumpungukia. Hakunisemesha hadi Krismasi.

Sasa barua yako. Mwandikie hivi: "Our records show a balance of 340 dollars. May we ask you to pay it by Friday?" Hiyo "balance" si chenji unayoidai kwa mtu wa boda, kwenye hesabu ni kiasi kilichobaki kulipwa, na hapo imekaa vizuri. "Ask" ikitanguliwa na "may we" ni laini kuliko "request", ambayo ina ubaridi kidogo, kwa hiyo iweke kwa barua ya pili. "Demand" waachie mawakili. Na ile "kindly" mnayoibandika kila mahali huko Kampala, ipunguze. Sisi tunaiona adabu tupu, lakini Mwingereza mara nyingi huisikia kama mtu aliyeanza kuchoka naye.

Omba radhi kwa sentensi moja tu, usijieleze sana.

Mama yako amekutumia simsim kwa basi la kesho asubuhi. Anasema anakudai simu tangu Jumapili iliyopita. Hiyo usiitafsiri.

Baba yako