Jua la Feri halitaki kuwaka

Swali: Shikamoo mwalimu. Nachora bandari ya Dar alfajiri kwa rangi za mafuta, nimekaa upande wa Feri, ngalawa na pantoni zimo kwenye ukungu. Jua langu linakaa kama kiini cha yai. Nimezidisha njano, nikazidisha nyeupe, ndiyo kwanza limefifia. Ninunue rangi gani?

Jibu: Marahaba. Usinunue kitu. Jua lako halina kosa, kosa liko kwenye anga.

Rangi ya machungwa ukiitia nyeupe inakuwa nyepesi, lakini ukali wake unakwisha. Unabaki na rangi ya aiskrimu. Mchoraji Claude Monet alipochora bandari ya Le Havre, Ufaransa, mwaka 1872 (picha inaitwa "Impression, soleil levant", ndiyo iliyowapa jina lao Waimpreshonisti, wachoraji walionasa mwanga wa dakika ile ile, baada ya kuoneshwa Paris mwaka 1874), jua aliliacha na ukali wake, akalizungushia anga la kijivu chenye bluu lenye mwanga karibu sawa na wa jua lenyewe. Tafuta picha hiyo kwenye simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe: jua karibu linapotea! Linawaka kwa rangi tu, siyo kwa weupe, na ndiyo maana machoni linaonekana kama linatikisika.

Basi kwangua hilo jua kwa kisu cha rangi. Changanya bluu ya altramarini, nyeupe, na machungwa kidogo sana, upate kijivu. Kipake angani, weka tone la machungwa, kisha finya macho. Tone likionekana doa jeusi, kijivu chako ni cheupe mno. Kikoleze kidogo kidogo hadi ukingo wa tone uanze kupotea.

Mng'ao wa jua majini unataka adabu. Jaza brashi, gusa mara moja, toa mkono. Ukisugua, machungwa yanakutana na bluu ya chini na kuzaa tope, na tope hilo nimeliona kwenye bahari za wanafunzi wengi kuliko maji yenyewe. Ngalawa ya mbele iwe ndiyo yenye giza kuliko vyote, za nyuma zififie. Kamba za tanga achana nazo.

Kama umezoea rangi za makopo wanazotumia wachoraji wa Tingatinga, jua kwamba hii yako ya mafuta, ya mirija, haina haraka: mafuta ya kitani yaliyomo hukauka kwa kushika oksijeni, hivyo hata kwa joto letu inaweza kunata siku kadhaa.

Ukimaliza nitumie picha mbili, ya rangi na ya nyeusi na nyeupe. Nitaanza na hiyo ya pili.