Kwa Mnaoanza Kuiga Ari ya Wanafunzi wa Mtandaoni

Wiki iliyopita kijana wetu mmoja alinionyesha, akiwa na furaha tele, grafu ya mawakala 500 (wanafunzi wa kubuni ndani ya kompyuta) ambao ari yao iliporomoka siku ya 21, na nilipomuuliza ameiendesha modeli mara ngapi akajibu, "Mara moja, mzee." Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa kuwa makosa haya yote nilimtangulia.

1. Iendeshe mara 100 kwa mbegu tofauti (namba zinazoanzisha bahati nasibu ya modeli), na uziandike mbegu hizo.

2. Kubofya si ari. Hapa mnivumilie. Katika modeli yangu ya kwanza ya NetLogo (programu ya kuundia modeli za mawakala), kila siku ambayo wakala hakuingia kwenye Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni, ilimpunguzia ari, na ikishuka chini ya 0.2 aliacha kozi. Nilichezea vigezo (namba zinazoiendesha modeli) mpaka mstari wangu ukalala juu ya mstari wa logi za chuo, yaani kumbukumbu za nani aliingia lini, nikaupima usahihi kwa logi zilezile (ndiyo, zilezile), kisha nikashauri kila aliyekaa kimya siku nne atumiwe ujumbe wa kumhimiza, wenye jina langu na namba yangu. Siku ya tatu akanipigia muuguzi mmoja: "Shikamoo mwalimu. Mimi napakua masomo yote Jumamosi kwa bando la usiku, nasoma nikiwa zamu, wagonjwa wakilala. Nimekosa nini?" Alikuwa moduli ya sita, ilhali modeli yangu ilikwisha kumzika tangu ya pili. Wengine hawakupiga, walijitoa kimyakimya, nami kwenye ripoti nikaandika kwamba utabiri umetimia. Wanasaikolojia Deci na Ryan wanataja mahitaji matatu yanayolisha ari, yaani kujiamulia, kujiona unaweza na kuwa na wenzako. Modeli yangu haikuwa na hata moja, na ujumbe wangu ulilikanyaga la kwanza.

3. Tenga data ya kupimia kabla hujagusa vigezo. Asiyekuwa na data achukue ile ya Open University ya Uingereza, iliyotolewa bure mwaka 2017 ikiwa na usajili 32,593. Lakini nayo huhesabu mibofyo ya kila siku, kwa hiyo rudi namba 2.

4. Zungumza na mwanafunzi kabla ya kuandika msimbo. Muuguzi yule ndiye aliyenifanya niongeze hali ya mwanafunzi aliyepakua na anayesoma nje ya mtandao, na hadi leo katika msimbo wangu hali hiyo inaitwa zamu_ya_usiku.