Kabla Hujachovya Kalamu Kwenye Kikombe cha Kahawa

Mezani kwangu hapa Moshi palikuwa na kadi 80 za sendofu ya binti wa mama mdogo, nibu mbili nzuri, yaani ncha za kalamu ya kuchovya, na chupa ya wino wa dukani iliyobakiza tone la mwisho. Wino mwingine ulikuwa njiani kutoka Dar es Salaam, na huko njiani ulikaa. Jikoni palikuwa na bitiruti zilizochemshwa, na maji yake yalikuwa mekundu kama joho la askofu. Nikachovya kalamu. Majina yalitoka vizuri kiasi kwamba niliyapiga picha na kuwatumia marafiki. Wiki tatu baadaye, kadi zilipofika mlangoni mwa ukumbi mikononi mwa wageni, majina yalikuwa yamepauka na kuwa kahawia hafifu, mengine hayasomeki kabisa, na mama mdogo aliigeuza kadi moja mara mbili kabla ya kuniuliza: "Mwanangu, haya majina umeyaandika kwa chai?"

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kimiminika kinachopatikana katika nyumba ya kawaida, na nimejifunza kwamba swali la kujiuliza si kama kitu kina rangi nzuri kikombeni, bali rangi hiyo itakuwa wapi baada ya mwezi mmoja wa mwanga. Kwa hiyo kila ninachokichemsha hukiandikia mistari miwili kwenye ukanda wa karatasi, nusu moja naifunika kwa kadibodi, kisha naubandika ukanda huo kwenye dirisha la magharibi lenye jua kali la alasiri. Baada ya wiki nne naondoa kadibodi na kulinganisha. Nawashauri wote wanaoanza uandishi wa mapambo wafanye hivyo kabla ya kuandika chochote kitakachotoka mikononi mwao.

Wino una mambo matatu: rangi, maji yanayoibeba, na gundi inayoishikiza kwenye karatasi na kuyafanya maji yasikimbie ovyo. Vimiminika vya jikoni huwa na rangi na maji, lakini gundi havina, na ndiyo maana anayeandika kwa kahawa tupu huona herufi zikiota ndevu. Gundi inayofaa ni ile ya mgunga, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayotumika katika wino wa kale wa nchi nyingi. Wauza ubani na dawa za asili huwa nayo. Chagua mabonge meupe au ya rangi ya asali, yasage, na uhakikishe kwamba unga wake unayeyuka katika maji ya uvuguvugu, kwa sababu si kila utomvu wa mti huyeyuka. Nusu kijiko cha chai kwa robo kikombe cha wino hunitosha. Usiweke sukari wala asali badala yake, kama nilivyofanya mimi kwa uvivu wa kwenda sokoni. Kadi ziligandana zikiwa zimepangwa, na asubuhi nilikuta sisimizi wamepanga foleni juu ya jina la mwenyekiti wa kamati.

Nianze na kahawa, maana katika mji ambao chama chake cha ushirika cha KNCU kimekuwapo tangu mwaka 1933 kwa ajili ya zao hilo, ni aibu kidogo kuanza na kingine, ingawa majumbani mwetu wengi tunakunywa chai. Kosa la kwanza la kila mtu ni kutumia kahawa ya kunywa. Kikombe cha kahawa kinaonekana cheusi kwa sababu tunakitazama kwa kina. Ukikisambaza juu ya karatasi kwa unene wa unywele, kinakuwa doa la njano iliyochoka. Ninachofanya ni kuchukua vijiko vinne vya chakula vya kahawa iliyosagwa, kuvichemsha katika vikombe viwili vya maji kwa moto mdogo hadi ibaki robo kikombe, kisha kuchuja mara mbili kwa kitambaa kizito, maana chembe moja ya kahawa inatosha kuziba nibu. Kahawa ya unga inayoyeyuka ni rahisi zaidi: vijiko vitatu vya chai katika vijiko viwili vya chakula vya maji ya moto, bila kuchuja. Baada ya gundi kuingia, unapata kahawia yenye joto, inayokolea mwishoni mwa mstari pale wino unapokusanyika, na ukipitisha kalamu mara ya pili juu ya herufi iliyokauka inazidi kukolea. Wenzangu walipousifia wino huo nilitengeneza chupa nzima kwa haraka, nikaongeza maji ili utoshe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kazi ya wiki ile ilitoka kama imeandikwa kwa mvuke. Dirishani, kahawa iliyokolea hupungua kidogo lakini inaendelea kusomeka.

Chai peke yake ni dhaifu kuliko kahawa, lakini chai ikikutana na chuma ni habari nyingine kabisa. Majani ya chai yana tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni, na tanini ikiungana na chuma kilichoyeyuka hutoa weusi wa kweli. Hiyo ndiyo siri ya wino ambao Ulaya iliutumia kwa zaidi ya miaka 1000, isipokuwa kwamba wao walipata tanini kutoka kwenye vinundu vya mti wa mwaloni. Chukua misumari kumi ya kawaida, ile isiyopakwa zinki, iweke katika nusu glasi ya siki nyeupe kwa wiki moja, na usikaze kifuniko, kwa sababu chuma kikiwa ndani ya siki hutoa hewa inayoweza kuipasua chupa, tena ni hewa inayoshika moto, hivyo iweke mbali na jiko. Wiki ikiisha, chemsha vijiko vinne vya chakula vya majani ya chai katika kikombe kimoja cha maji kwa dakika 20, chuja, acha ipoe, kisha tia siki ile ya misumari kidogo kidogo, kama kijiko kimoja cha siki hiyo kwa kila vijiko vitano vya maji ya chai. Utaona chai ikigeuka nyeusi mbele ya macho yako, jambo ambalo watoto wa jirani hunijia kuliangalia kila ninapolifanya.

Ukiandika, usishtuke kuona mstari wa kijivu. Weusi unakuja baadaye, hewa inapoufikia wino, na kufikia kesho yake herufi zinakuwa zimekolea. Jihadhari na tamaa ya kuongeza siki ya misumari ili weusi uje haraka, kwa kuwa chuma kikizidi, maandishi hugeuka kahawia kadiri siku zinavyokwenda, na asidi hula karatasi. Nyaraka nyingine za kale za Ulaya zina matundu palipokuwa na herufi, kana kwamba mtu alizikata kwa wembe. Kwa kadi ya mwaliko hilo halinisumbui. Kwa cheti cha kipaimara, ambacho mtu anatarajia kukitunza maisha yake yote, situmii. Mwaka uliofuata niliandika kwa wino huu majina ya kadi za harusi yenyewe, na mama mdogo, ambaye hasahau, aliniuliza safari hii nimeandika kwa nini. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba nimeandika kwa chai.

Soda hazina maana yoyote kama wino, na utamu wake unarudisha shida ya sisimizi. Mchuzi wa soya una rangi nzuri lakini chumvi yake huvuta unyevu na kula nibu. Juisi ya limau haionekani mpaka uipashe moto, hivyo inafaa kwa michezo ya watoto.

Rangi za maua na matunda zinahitaji neno zaidi, kwa sababu ndizo zinazodanganya. Rangi ya bitiruti huvunjwa na mwanga, joto na hewa, na hakuna nilichokitia kilichoizuia. Rozela iliyochemshwa hutoa wekundu unaotegemea uchachu: ukitia limau unang'aa, ukitia magadi unageuka samawati au kijani. Kilichonichanganya kwa muda mrefu ni kwamba rozela iliyokuwa nyekundu chupani ilikauka ikiwa zambarau iliyofifia, hadi nilipotambua kwamba karatasi nyingi za siku hizi zina unga wa chokaa ndani yake, na chokaa hufanya kazi ile ile ya magadi. Manjano nayo, yenye rangi ya dhahabu, hugeuka wekundu inapoguswa na sabuni, na jua huifuta upesi. Kokwa za parachichi, ambazo hapa kwetu na kule Arusha hutupwa kila siku, ndizo zilizonishangaza kwa uzuri: zikatekate, zichemshe taratibu, na utapata wekundu wa udongo wenye tanini ya kutosha kuwekewa misumari pia.

Si kila mwandishi anataka kudumu. Waganga wa pwani wanaoandika kombe, yaani maandishi ya tiba, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe huchagua rangi hiyo kwa sababu inaoshwa kwa maji na kunyweka. Kimiminika kibaya kwa cheti kinaweza kuwa ndicho sahihi kwa kazi nyingine, na mazoezi ya herufi kila jioni ni kazi mojawapo ambayo bitiruti inaifaa sana.

Kwa kinachopaswa kubaki, narudi kwenye masizi. Masizi ni kaboni, na jua halina la kuyafanya. Washa koroboi mahali pasipo na upepo, kinga sahani ya bati juu ya moto wake, kisha kwangua weusi unaojikusanya. Masizi ya chini ya sufuria ya kuni yana lami na hutoa kahawia, hivyo yaache. Kazi kubwa ni kusaga, kwa sababu masizi hukataa maji na huelea kama vumbi. Yalainishe kwanza kwa matone machache ya spiriti, moto ukiwa umeshazimwa, kisha yasage pamoja na maji ya gundi kwa nusu saa nzima. Mkono utauma.

Karatasi ya kurudufia ya gramu 80 hunywa wino wowote wa nyumbani. Nunua manila laini, au ipake karatasi wanga mwepesi sana uliopikwa kwa kijiko kimoja cha chai cha unga wa muhogo katika glasi ya maji, uiache ikauke chini ya vitabu. Kalamu ya wino yenye tangi usiitie chochote kati ya hivi, maana itaziba. Neno kalamu lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu, ambako lilitaja tete lililochongwa, na tete au mwanzi uliokatwa mshazari kwa kisu kikali unavumilia asidi ambazo nibu ya chuma haivumilii. Ukitumia nibu, ioshe na kuikausha kila unapomaliza ukurasa.

Mwisho ni chupa. Niliwahi kuweka wino wa chai na misumari katika chupa ya maji ya kunywa ndani ya friji, na mdogo wangu akajimiminia glasi. Harufu ya siki ndiyo iliyomwokoa. Sasa natumia chupa ndogo za dawa zilizooshwa, zenye jina na tarehe. Karafuu mbili ndani ya kila chupa huchelewesha ukungu, ambao masika ya Aprili huuleta hata kwenye viatu. Hata hivyo wino wa kahawa kwangu hauvuki wiki tatu, kwa hiyo natengeneza wa kutosha kazi moja na kuumwaga unaobaki.