Wosia peke yake hautoshi

Dada, umeuliza kama mdogo wako na mwanaume mwenzake wana haja ya ndoa, au wosia tu unawatosha.

Wosia hugawa mali. Haumpi mtu haki ya kuitwa mwenzi, na hilo ndilo linaloumiza. Edith Windsor na Thea Spyer, wanawake wawili wakazi wa Marekani, waliishi pamoja zaidi ya miaka 40, wakafunga ndoa Toronto, Kanada, mwaka 2007. Thea alipofariki mwaka 2009 alimwachia Edith mali yake, lakini serikali ya Marekani haikuitambua ndoa ile. Ikamdai kodi ya mirathi ya zaidi ya dola 363,000, ambayo mjane wa mwanaume asingedaiwa hata senti moja. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikampa haki. Miaka miwili baadaye ndoa za jinsia moja zikaruhusiwa nchi nzima.

Kwa hiyo kama sheria ya wanakoishi inawaruhusu, wafunge ndoa, wasisubiri ugonjwa. Kama haiwaruhusu, waandike wosia kwa wakili, na hati inayompa kila mmoja mamlaka ya kuamua matibabu ya mwenzake. Nyumba iandikwe majina yote mawili. Wakihama nchi wachunguze kwanza, maana cheti halali Uholanzi au Afrika Kusini kwingine hakitambuliwi kabisa.

Nawe usimwache mdogo wako. Siku ya hospitali atahitaji ndugu wa kusema, "Huyu ndiye mwenzi wake, mpisheni."