Dawa za mtu asiyeweza kueleza anavyojisikia

Bahasha ya dirisha la dawa imeandikwa 1×2. Mama anaelewa kidonge kimoja mara mbili kwa siku, na ndivyo ilivyo. Shangazi aliyebaki na mgonjwa wikiendi anaelewa vidonge viwili kwa mkupuo, basi anampa vyote asubuhi. Jumla ya siku haijabadilika, lakini kama dawa yenyewe ni kabamazepini, dawa ya kifafa, kufika saa nne mgonjwa anayumba na kuona kila kitu viwiliviwili, na alfajiri, dawa ikishapungua mwilini, kifafa kinamwangusha. Mtu anayeongea angelalamika kizunguzungu. Mwenye ulemavu wa akili au usonji asiyesema atagonga kichwa ukutani na kusukuma sahani. Hapo nyumba nzima itasema ugonjwa umepanda, na kliniki ijayo dozi itaongezwa.

Bahasha ile usiiamini peke yake. Nunua daftari gumu, lile la mistari la dukani, kisha ukiwa bado hapo dirishani andika upya kila dawa: jina lake, miligramu, saa na kazi yake. Usiandike "vidonge viwili". Fenobabitoni (nayo ni ya kifafa) ya miligramu 30 mwezi ujao inaweza kuletwa ya 60 au ya 100, na anayehesabu vidonge atampa mara mbili au zaidi ya mara tatu ya dozi bila kujua. Saa nayo iandike kwa maneno: saa mbili usiku. Ukiandika 8, mmoja atasoma saa nane na mwingine ataseti kengele ya simu asubuhi. Anayetoa dawa atie saini baada ya kuona imemezwa, si wakati anaichomoa kwenye karatasi yake.

Ukurasa wa pili wa daftari ndio walezi wengi hawauandiki, na ndio wenye faida kubwa kuliko wote. Andika choo kila siku, usingizi kwa saa, kifafa na dakika zake, siku za hedhi, na tabia yoyote mpya pamoja na saa ilipoanza. Choo kinaonekana jambo dogo. Klozapini na klopromazini za magonjwa ya akili, amitriptilini ya sonona na benzheksoli ya kupunguza madhara ya dawa za akili (wengi huiita Artane) zote hufunga tumbo, na klozapini inaweza kulifunga hadi ikaua. Asiyesema hatakwambia tumbo linauma. Atajiuma mkono. Siku tatu bila choo ni sababu tosha ya kumpeleka kituoni. Kabla hujaita tabia mpya wazimu, angalia kinywa kwa jino bovu, masikio, mkojo, pima malaria, halafu rudi kwenye daftari uone ni dawa gani ilianzishwa au kubadilishwa wiki mbili zilizopita.

Hapa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, inahitaji maneno yake. Siku chache za mwanzo shingo inaweza kupinda, macho yakageukia juu au ulimi ukakaza. Inatisha kuiona, na wapo waliopelekwa kwa mganga kwa ajili hiyo, ilhali hospitalini sindano moja huifungua kwa muda mfupi. Kinachodanganya zaidi ni kutotulia. Mgonjwa anakaa, anainuka, anapiga miguu papo hapo kama askari wa gwaride, anazunguka uani usiku kucha. Mlezi anaripoti "amechachamaa", dozi inapandishwa, naye anazidi kuzunguka. Ukiona hivyo siku au wiki chache baada ya dawa kuanza au kuongezwa, mwambie daktari: hawezi kukaa, na ilianza tarehe fulani. Tarehe hiyo inaweza kumfanya apunguze dozi badala ya kuiongeza. Homa kali yenye mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa ni dharura. Usimpe dozi inayofuata, mkimbize hospitali, na hata kipimo cha malaria kikionyesha malaria, sema wazi kuwa anatumia haloperidoli.

Kabamazepini ikiletea vipele katika wiki za mwanzo, hasa vikiambatana na homa au vidonda mdomoni, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Fenobabitoni ni ya bei nafuu na inapatikana karibu kila mahali, lakini kwa watoto na wenye ulemavu wa akili huweza kuleta ukali na utundu usiokuwepo. Kwa sababu hiyo ugomvi mpya usitibiwe kwa dawa nyingine ya kutuliza kabla hiyo haijatazamwa. Ila usiikatishe mwenyewe. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla huweza kuleta kifafa mfululizo, na kikizidi dakika 5 ni kumbeba hospitali, bila kumtia kijiko wala kitu chochote mdomoni. Valproeti, nayo ya kifafa, haifai kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba pale dawa nyingine zinapowezekana, kwani inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ulemavu wa akili haumzuii mtu kupata mimba, ingawa familia nyingi huishi kana kwamba unamzuia.

Dawa mpya ya duka la jirani ndiyo huvuruga mpango. Erithromaisini ya kikohozi hupandisha kabamazepini hadi mgonjwa anayumba kama mlevi. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha haloperidoli. Dawa za kifafa kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya dolutegravir, dawa ya VVU, kwa hiyo anayetumia TLD (kidonge cha VVU chenye dolutegravir ndani) ni lazima aseme CTC, kliniki ya VVU, ambako mara nyingi dolutegravir hufanywa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Kabamazepini na fenitoini hudhoofisha pia dawa mseto ya malaria. Na anayetumia lithiamu (dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi) asipewe diklofenaki wala ibuprofeni ya maumivu, na akiharisha au kutapika apelekwe mapema. Ukienda duka la dawa, nenda na daftari.

Kumeza nako kuna kazi yake. Akae wima, kidevu kimeinama kidogo, si kichwa nyuma kama kuku anayekunywa maji, na abaki amekaa nusu saa. Kidonge kiwekwe kwenye kijiko kimoja cha uji uliopoa au ndizi iliyopondwa, kisichanganywe kwenye kikombe kizima ambacho ataacha nusu. Usiponde kidonge kilichotengenezwa kuachia dawa polepole wala chenye ganda la kukilinda tumboni. Omba ya maji. Fenitoini ya maji itikise vizuri kila mara, kwa sababu dawa hutuama: wiki ya kwanza anapata maji matupu na kifafa kinarudi, mwisho wa chupa anapata tope na kupepesuka. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai havilingani. Na hata ukitumia kijiko cha uji, usimfiche kuwa kina dawa. Akigundua atakataa chakula chenyewe. Mwonyeshe, mtajie jina lake, mwache akitoboe mwenyewe kwenye karatasi. Kisha tazama mashavuni na chini ya ulimi.

Dozi ikisahaulika, kwa dawa ya mara mbili kwa siku na saa 6 hazijapita, mpe. Zikipita, iache hadi inayofuata, na usimpe mbili kwa pamoja. Mwezi wa Ramadhani, zungumza na daktari wiki mbili kabla: ya mara mbili inaweza kuhamia daku na futari, ya mara tatu haiwezi, na lithiamu na kufunga haviendani vizuri. Rudi kliniki zikiwa zimebaki dozi za siku 7, si za siku moja, maana siku dawa imeisha hospitali utahitaji muda wa kuitafuta nje.

Ukiwa mbele ya daktari, uliza kila dawa inatibu ugonjwa gani. Uingereza mwaka 2015 Public Health England, taasisi ya afya ya umma, ilikadiria watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu wa akili wanameza kila siku dawa za magonjwa ya akili bila kuwa na ugonjwa unaozihitaji, na mwaka uliofuata NHS England, inayosimamia huduma za afya za umma, ikaanzisha kampeni ya STOMP ya kuzipunguza. Kama jibu ni "kumtuliza tu", omba iandikwe kwenye kadi: inatuliza nini, itapimwaje, na tarehe ya kuanza kuipunguza kidogo kidogo. Tarehe hiyo uihamishie ukurasa wa kwanza wa daftari, juu kabisa.