Aliyengoja Sana Ndo Anashika Padi

Swali lenu la wiki hii lilikua: ni mchezo gani wa utotoni umeurudia ukiwa mtu mzima, na je, ulikua bado mtamu ama utamu ulibaki tu kwa kumbukumbu? Jibu langu ni refu kidogo mnivumilie, juu hii kitu tumeifanya Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita, na bado imenikaa kwa roho.

Sisi ni watano, tulilelewa ploti moja pale Umoja, Nairobi, na kati yetu mmoja tu ndo alikua na gemu, kwa hivyo hadi leo ana miaka 37 na watoto wawili na sisi bado tunamwita Mwenye Gemu. Gemu yenyewe haikua Nintendo halisi. Nintendo walitoa mashine yao ya Famicom kule Japani mwaka wa 1983, alafu makopi yakatengenezwa Taiwan na China, na hayo makopi ndo yalitufikia sisi: sanduku jepesi la plastiki, padi mbili za kushika na kubonyeza, bunduki moja, adapta ya volti 9 yenye ilikua inashika moto hadi unanusa, na kaseti ya manjano yenye ilijigamba kua na gemu 9999999. Ukihesabu vizuri ni kama saba tu zinajirudia, hapa Mario anaanza akiwa mdogo, pale anaanza akiwa mkubwa, kule anaanzia ulimwengu wa nne. Lakini kulikua na Contra, kulikua na ile ya vifaru inaitwa Battle City, na kulikua na Duck Hunt ya kupiga bata na bunduki, na hizo tatu zilitosha kumaliza likizo ya Agosti yote.

Sasa sheria ya ile nyumba. Mama wa Mwenye Gemu alikua anauza nguo soko la Gikomba, anatoka kabla jua halijachomoza, na adapta alikua anaenda nayo kwa pochi. Hakuna gemu bila yeye. Akirudi jioni anatoa adapta, anaiweka kwa meza, anatuangalia vile tumejipanga kwa kapeti, alafu anauliza swali moja tu: "Nani amengoja sana?" Hakuuliza nani ni mkubwa, wala nani mwenye nyumba. Mtoto wake mwenyewe alikua anangoja kama sisi. Aliyengoja sana ndo anashika padi, na hakuna mtu aliwahi kubishana na yeye, juu hata sisi wenyewe tulikua tunajua ni nani, tulikua tunahesabu kwa kichwa.

Basi mwezi jana mmoja wetu amerudi kutoka Qatar, akasema kwa grupu, wasee, ile gemu bado iko? Ilikua iko. Ilikua juu ya kabati ya Mama, imefungwa na karatasi ya unga, na kitu kingine ambacho hatukutarajia ni kwamba ile TV pia ilikua iko, Great Wall ya inchi 14, ile ya mgongo mnene, imefunikwa kitambaa cha kushonwa na juu yake amepanga picha za wajukuu. Mitambo ya TV ya analogi ilipozimwa Kenya 2015 watu wengi walitupa hizo TV ama wakaziuzia watu wa vyuma kwa bei ya chai, yeye alikataa, akasema kitu kinawaka hakitupwi.

Gemu ilikua imekufa. Nikaibeba mpaka Luthuli, ile barabara ya vifaa vya umeme huko tao, kuna fundi mmoja amekaa pale kwa ngazi na meza ndogo na chuma ya kulehemu, mzee mpole sana. Akafungua kaseti, akanionyesha ile mistari ya shaba kule chini imekua kijani. Akaniuliza mlikua mnapuliza? Nikamwambia mzee, kila mtu alikua anapuliza, ikikataa kuwaka unaitoa, unaipuliza kama harmonika, unairudisha, inawaka. Akaniambia kilichokua kinasaidia si pumzi, ni kule kuitoa na kuirudisha, vile vyuma vinasuguana vinashikana upya. Pumzi ina unyevu, na unyevu ndo ulikula hiyo shaba. Akachukua pamba na spiriti, akaisugua taratibu mstari mmoja mmoja, pamba ya kwanza ikatoka nyeusi, ya pili kahawia, ya tatu karibu nyeupe. Akabadilisha waya wa adapta. Nilisimama pale nikimwangalia kama mtu anangoja mgonjwa wake atoke tieta.

Jumamosi saa nane tukakutana kwa Mama. Watu wazima watano na mtoto wa Mwenye Gemu wa miaka tisa, kapeti ni ingine lakini sebule ni ile ile. Kushika stesheni peke yake ilituchukua kama nusu saa, juu ile gemu inapitia waya wa aerial, na kwa hiyo Great Wall unafungua kamlango kadogo unazungusha gurudumu mpaka chenga zikae. Mmoja anazungusha, mwingine anapiga kelele rudi, rudi, umepita! Alafu ghafla ile skrini ya bluu, na ule muziki. Hakuna mtu aliongea kwa kama sekunde tano hivi.

Tulianza na Contra. Ni gemu ya kampuni ya Konami, ya kwanza ilikua ya mashine za kuweka sarafu mwaka wa 1987, hii ya nyumbani ikafuata 1988, ina stage nane na ukiguswa na risasi moja tu umekufa. Wenye waliicheza wanaijua ile siri ya maisha 30: juu juu, chini chini, kushoto kulia kushoto kulia, B, A. Sisi tuliletewa na kaka wa mtu fulani akitoka bweni, tukaiandika nyuma ya kitabu cha hesabu. Juzi ndo nimejua aliyeitunga anaitwa Kazuhisa Hashimoto, aliiweka kwanza kwa gemu ingine ya Konami inaitwa Gradius mwaka wa 1986, juu kazi yake ilikua kuijaribu na ilikua ngumu hata kwake mwenyewe, kwa hivyo akajitengenezea njia. Amefariki 2020. Nilipowaambia hawa marafiki zangu hiyo habari walinyamaza kidogo, mmoja akasema pole, kama ni mtu wa mtaa.

Na hapa niseme kitu ambacho najua wengine hawatakubali. Gemu za zamani hazikua bora kuliko za sasa. Mtu akikuambia zilikua bora, anakumbuka miaka yake kumi na mbili, si gemu. Contra ukiijua haikumalizii nusu saa. Zilikua fupi juu kaseti ilikua na nafasi ndogo sana, kwa hivyo zikafanywa ngumu ndo zikae muda mrefu kwa nyumba, na zingine zilirithi tabia ya mashine za sarafu, zenye zilikua zinataka ufe haraka uweke ingine. Kusevu hakuna. Stima zikipotea ukiwa stage ya saba unaanza ya kwanza. Huyu kijana wa miaka tisa alituuliza, "Sasa mbona haisevu?" na kusema ukweli hakukua na jibu la kumridhisha.

Lakini stage ya tatu. Stage ya tatu ya Contra ni maporomoko ya maji, hapo hauendi mbele unapanda juu, unaruka jiwe kwa jiwe. Skrini inapanda na yule yuko juu, na ikishapanda hairudi. Ukiachwa nyuma, lile jiwe ulikua unataka kukanyaga linapotea chini ya skrini na wewe unakufa, na si adui amekuua, ni rafiki yako kwa haraka yake. Mimi nilikua nacheza na yule tunamwita Esi, jina alipewa juu ile silaha ya S inayotawanya risasi ikidondoka lazima aikimbilie yeye. Zile waya za padi ni fupi, kwa hivyo mnakaa mbele ya TV bega kwa bega, nasikia mkono wake ukiruka kila akibonyeza. Mara ya kwanza aliniacha, nikafa. Mara ya pili mimi nikamuacha. Nyuma yetu wale watatu hawana padi na ndo wanaongea zaidi, "Ngoja! Mngoje! Ako chini! Sasa, ruka sasa!" Mwenye Gemu alikua amepiga magoti anaonyesha na kidole kwa skrini ni jiwe gani. Tulifika juu kwa jaribio kama la saba, wote wawili, mimi nikiwa na maisha moja, na kelele yenye ilitoka kwa hiyo nyumba hadi jirani aligonga ukuta.

Hapo ndo nilielewa jibu la swali lenu. Utamu bado uko, na sehemu kubwa ulikua kwa wale hawana padi. Ukihesabu masaa ya utoto wetu na hiyo gemu, kila mmoja alicheza kidogo sana, yaani padi mbili, watoto watano, wakati mwingine wanane wa ploti wakiingia. Saa nyingi tulikua tunangoja. Na kungoja kwenyewe kulikua ni kazi, unasoma mwenzako anakosea wapi, unamkumbusha shimo liko mbele, unaumia na yeye akifa. Kwa Battle City ukimpiga mwenzako na risasi anaganda pale pale kwa muda na maadui wanapita kwenda kuua yule tai mnayemlinda, kwa hivyo hata kabla ya kushika padi umeshajifunza, kwa kuangalia tu, nani ni wa kuaminiwa na nani anafyatua ovyo. Baadaye PlayStation zilipokuja mtaani, bob kumi mechi moja, Adriano wa ile gemu ya mpira PES 6 na shuti lake la 99, ilikua raha pia sikatai, lakini pale mwenye pesa ndo alikua anakaa, na anayengoja alikua anafukuzwa mlangoni kama hana kitu.

Siku hizi nina gemu kwa simu, nacheza kwa matatu nikitoka kazi. Hakuna mtu anangoja nimalize. Hakuna mtu anajua nimefika wapi. Hiyo ndo naona imepotea, na inaniuma kuliko nilivyofikiria.

Saa kumi na moja tukahamia Duck Hunt. Yule wa Qatar alikua amekuja na kamashine kadogo ka siku hizi kenye gemu maelfu, tulikua tumekajaribu kwa TV bapa ya Mwenye Gemu wiki moja kabla na bunduki ikakataa kabisa, na sababu ni hii: ukifyatua, skrini inakua nyeusi kwa kitambo kidogo sana, alafu pale bata alipo panatokea mraba mweupe, na ndani ya bunduki kuna kijicho kinachoangalia kama kimeona mwanga. Kile kijicho kilipimwa kwa TV za mgongo zinavyochora picha, mara hiyo hiyo, mstari kwa mstari. TV bapa inachelewa kidogo tu na hicho kidogo kinatosha kuharibu. Kwa Great Wall ya Mama bunduki ilishika mara ya kwanza.

Alafu yule kijana wa miaka tisa, bila kutuuliza, akaokota padi iliokua kwa kapeti akaanza kubonyeza, na bata akageuka. Akabonyeza tena, bata akashuka. Kumbe kwa ile ya bata mmoja, mtu mwingine akishika padi anaweza kumuendesha bata! Miaka zaidi ya 20 hiyo gemu imekua kwetu na hatukujua. Mwenye Gemu alishika kichwa. Zile jioni zote tumekaa kwa kapeti tukingoja bunduki, mmoja wetu angekua bata.

Mama alikua ameleta chapati na chai, akakaa kwa kiti chake cha pembeni, sasa ana miaka 66 na goti linamsumbua. Bunduki ilikua mkononi mwa Esi, akamaliza, akageuka kuangalia nani anafuata, ni mimi nilikua nafuata. Na Mama kwa mazoea tu, bila hata kuinua macho kwa kikombe, akauliza, "Nani amengoja sana?"

Mwenye Gemu akamwangalia. Akasema, "Ni wewe, Mum. Wewe hujawahi kushika."

Alicheka, akakataa, akasema mikono yake ina mafuta. Tukampanguza mikono. Tukamsogezea kiti karibu na TV, Esi akamuonyesha pa kuweka kidole, na mjukuu wake akashika padi ya bata. Bata wa kwanza akapita, wa pili akapita, na ile mbwa ikatoka kwa nyasi ikimcheka. Mama akatuuliza hiyo mbwa inamcheka yeye? Ndio Mum. Akavua miwani, akaipanguza na leso, akairudisha, akanyoosha mkono, na bata wa nne alianguka.

Alikaa na hiyo bunduki mpaka saa moja usiku. Hakuna mtu alimkumbusha zamu.